Barua ya Sentensi Tatu

Mara ya kwanza nilidhani amefukuzwa. Ilikuwa Jumanne ya Septemba, saa nne na kitu asubuhi, nami nimelala chali kwenye korido ya ghorofa ya tatu ya jengo la hisabati, spana mkononi, nikigombana na vali ya chuma cha kupashia joto. Aliyeikaza vali ile mara ya mwisho bila shaka alikuwa na ugomvi na mkewe. Mlango wa darasa la Profesa Tidwell ukafunguka, akatoka msichana mrefu mwenye koti la jinzi, akaufunga polepole kama mtu anayechomoka kanisani katikati ya mahubiri, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akafungua daftari.

"Umefanya nini?" nikamwuliza.

"Sijafanya kitu."

"Mtu hafukuzwi kwa kutofanya kitu."

"Humu ndimo anamofukuzwa, mzee," akasema bila kuinua macho. "Ila mimi nimejifukuza."

Nikarudi kwenye vali yangu. Alhamisi akatoka tena. Jumanne iliyofuata, tena. Nilikuwa na vyuma sitini na vitatu vya kukagua kabla boila haijawashwa Oktoba, na korido ile ndiyo iliyokuwa na vibovu zaidi, kwa hiyo tulizoeana kwa lazima, kama watu wawili waliopangwa kitanda kimoja hospitali. Jina lake Janelle Prusa. Alikuwa mwaka wa nne, mwaka wa mwisho. Kwao ni shamba la nguruwe na mahindi, mwendo wa saa mbili kutoka hapa chuoni, humu humu jimboni Iowa.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. "Binti, hebu nieleze. Darasa lina viti, wewe unakaa sakafuni. Kwa nini?"

"Profesa Tidwell anatoka Texas," akasema, kana kwamba hilo lilitosha. Alipoona halikutosha, akaendelea. "Kwake hakuna kitabu. Ni marufuku. Anagawa karatasi yenye kauli, kuanzia moja hadi sitini. Kila kauli ni ya kweli, lakini ni sisi wa kuonyesha kwa nini ni ya kweli. Yeye anakaa nyuma na mabuti yake, ananyamaza. Mwenye uthibitisho anakwenda ubaoni. Kusaidiwa na mtu ni dhambi. Kuchungulia kitabu ni dhambi kubwa zaidi."

"Sawa. Na kutoka?"

"Mwenzangu akienda ubaoni na kauli ambayo mimi bado naitafuta, nikiiona ya kwake, ya kwangu imekufa. Ukitaka kuipata mwenyewe unatoka nje mpaka amalize. Ndiyo kanuni."

"Na hao wengine?"

"Wanabaki. Wananakili."

"Wote?"

"Wote wanane."

Nikaweka spana chini. "Na wewe unatafuta kauli gani hiyo isiyoisha?"

"Ya kumi na nne. Za mbele yake sijazifikia, kwa hiyo nazo natoka."

"Wenzako wako ya ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Nisomee hiyo ya kumi na nne."

Akaisoma kwa maneno ya wanahisabati, kisha akautazama uso wangu akaihurumia elimu yangu. "Mstari usiokatika, ukianzia chini ya uzio na kuishia juu yake, lazima uuguse uzio mahali fulani."

Nikangoja. "Halafu?"

"Basi. Ndiyo hiyo."

"Binti, hilo hata ng'ombe analijua. Ndiyo maana hapiti."

"Ng'ombe analijua. Hawezi kulithibitisha."

"Na wewe?"

"Na mimi mpaka sasa ni ng'ombe."

Ningecheka, na nilicheka, lakini kadiri nilivyozidi kusikia mambo yake ndivyo kicheko kilivyozidi kunikauka. Janelle alitaka kusomea takwimu hadi shahada ya uzamivu. Kwetu huku mtu hutoka shahada ya kwanza akaingia moja kwa moja, miaka mitano, akatoka daktari. Alikuwa amechagua vyuo saba. Vitano vilifunga maombi tarehe mosi Desemba, viwili tarehe kumi na tano. Kila kimoja kilitaka barua tatu za walimu wanaomjua, na kila kimoja kilisema kwa lugha yake kwamba kuhesabu kila mtu anajua kuhesabu, tuonyeshe kwamba unaweza hisabati ya kuthibitisha. Barua ya kwanza angepewa na Daktari Engebretsen, mwalimu wake wa takwimu. Ya pili na daktari wa mifugo aliyefanya naye kazi kiangazi kizima akirekodi vikohozi vya nguruwe, kazi ambayo nilimwambia ningeiacha saa ya kwanza. Ya tatu ilibidi itoke kwa mwanahisabati. Na mwanahisabati pekee aliyemfundisha kuthibitisha, katika chuo chote hiki, ni yule mzee wa Texas aliyekuwa nyuma ya mlango ule, ambaye kwa wiki tano hakuwa amemwona Janelle ubaoni hata mara moja. Alichokuwa amekiona ni kisogo chake tu.

Bila barua hiyo, alisema, ni afadhali asiombe. Tena alikuwa na namba. Mtandaoni kuna ukumbi ambamo waombaji wa nchi nzima huandika wamepata wapi, wamekosa wapi, na alama zao. Janelle alikuwa amewakusanya wote kwenye jedwali, watu mia nne na ushee, akachora mistari yake, akapata kwamba mtu wa alama kama zake, mwenye barua nzuri ya mwanahisabati, ana nafasi ya asilimia sitini na moja. Bila barua, kumi na tisa.

"Hao mia nne ni akina nani?" nikamwuliza.

"Walioandika."

"Na wasioandika?"

"Mzee..."

"Nimevua samaki Ziwa Superior misimu miwili. Ukisikiliza maneno ya baa, lile ziwa lina samaki tu, halina maji. Aliyerudi mikono mitupu huwa ameshakwenda kulala."

Akaifunga kompyuta yake taratibu, kama anayefunika maiti. "Hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza," akasema. "Nililijibu kwenye mtihani. Nikapata A."

Maelezo ya kujieleza ambayo vyuo vilitaka aliniletea pia, ukurasa na nusu, rasimu ya tisa. Yalianza hivi: tangu utotoni nimevutiwa na uwezo wa takwimu wa kuubadilisha ulimwengu.

"Uongo," nikasema.

"Kila mtu anaandika hivyo."

"Ndiyo maana ni uongo. Utotoni ulivutiwa na nini?"

Akafikiri. "Kuendesha trekta bila ruhusa."

"Basi usiseme utotoni. Sema ulichofanya juzi."

Rasimu ya kumi ikaanza na nguruwe mgonjwa anavyokohoa tofauti na nguruwe mwenye vumbi puani, na hiyo ilisomeka. Lakini maelezo hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mlango.

Mwishoni mwa Oktoba Daktari Engebretsen alipanda mwenyewe hadi ghorofa ya tatu kumtafuta. Ofisi yake iko ya pili. Ni mama mfupi, mwepesi, asiyesema jambo mara mbili, na chuma cha ofisini kwake hugonga kama polisi, kwa hiyo tunajuana. Alinikuta juu ya ngazi na Janelle sakafuni, akasimama katikati yetu.

"Nilifikiri wanatania," akasema. "Wameniambia unalisoma darasa hili ukiwa koridoni."

"Si kila siku, daktari."

"Siku ngapi?"

Janelle akafungua daftari. Bila shaka alikuwa ameandika. "Kumi na tatu kati ya kumi na saba."

Engebretsen akashika paji la uso. "Sikiliza, Janelle. Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kuacha somo. Una njia mbili. Ya kwanza, uliache, uombe barua kwa yule aliyekufundisha aljebra mwaka wa pili."

"Tulikuwa mia na themanini. Hanijui. Ataandika kwamba nilipata A."

"Ndiyo, na itakuwa barua dhaifu, lakini itakuwa barua. Ya pili, uingie mle ndani, uketi kwenye kiti, unakili kama binadamu wengine, uende ubaoni na kitu chochote, hata kilicho chepesi, mzee akuone uso. Njia ya tatu sijaisikia."

"Nikinakili sitakuwa nimeipata."

"Hakuna atakayejua!"

"Nitakayekwenda huko miaka mitano ni mimi, daktari. Nikifika niwe naweza au niwe sijui kama naweza?"

"Kwanza ufike!" Engebretsen akageuka akanitazama juu ya ngazi. "Wewe Elroy, mwambie."

"Nimemwambia tangu Septemba," nikasema. "Ukitaka kuuambia ukuta, ule pale, unasikia zaidi."

Ijumaa ikapita, hakuliacha somo. Wala hakuketi kitini. Nilimkasirikia kama ninavyoikasirikia mashine nzima inayokataa kuwaka: hakuna kilichovunjika, hakuna cha kubadilisha, unabaki kuitazama tu. Nikaacha kumsalimia kwa siku mbili. Hata hakugundua. Alikuwa anachora mstari na uzio.

Katikati ya Novemba chuma cha darasa la Tidwell kikakwama wazi, chumba kikawa kama jiko la mkate, nikaitwa. Tidwell akaniambia niingie nifanye kazi yangu na nisitoe sauti. Ana miaka sabini na ushee, mrefu, mkavu, mabuti yameng'arishwa. Nikapiga magoti chini ya dirisha. Wanafunzi tisa, wote jasho linawatoka, na Janelle yumo.

"Kuna mwenye kitu?" Tidwell akauliza kutoka nyuma.

"Mimi," akasema Janelle. "Kauli ya kumi na nne."

Darasa likaguna. Walikuwa ya thelathini na tisa. Kijana mmoja, Anselm Ruhl, ndiye aliyeithibitisha ya kumi na nne huko nyuma Septemba, kwa dakika sita. Huyo ndiye aliyethibitisha karibu nusu ya karatasi, na hakuna aliyempenda kwa hilo.

"Ubao ni wako," akasema Tidwell.

Akaandika. Sijui alichoandika, ila niliona kwamba kilikuwa kirefu. Alijaza ubao wa kushoto, akahamia wa kulia. Ilipofika nusu saa, Ruhl akainua mkono.

"Hapo. Unasema 'chukua namba hiyo ya mwisho.' Umejuaje kwamba ipo?"

Janelle akageuka akautazama ubao. Sheria ya chumba kile ni kwamba hakuna wa kusaidia, wala mwalimu, wala rafiki, na mtu akisimama kimya anaachwa asimame. Dakika moja ni ndefu. Niliangalia saa ya ukutani: zilipita dakika tisa. Mtu mmoja alipiga miayo kwa makusudi. Mimi nilikuwa nimeshaifungua vali, maji ya moto yanadondoka kwenye kopo, sithubutu hata kulisogeza. Nilitamani kupiga kelele: ipo, mwambie ipo, ng'ombe anajua ipo!

"Ipo," akasema Janelle hatimaye, polepole, "kwa sababu tulikubaliana mstari hauna matundu. Kauli ya tatu. Kama isingekuwepo, pale pangekuwa na tundu." Akafuta robo ya ubao, akaandika mistari minne mipya, akaweka chaki chini.

Ruhl akasoma, midomo ikicheza. Akatikisa kichwa kwamba amekubali.

Wote tukamgeukia Tidwell. Tidwell akachungulia saa yake ya mfukoni.

"Inayofuata," akasema.

Nilimkuta Janelle koridoni baadaye, amesimama safari hii, machozi ya hasira yanamtoka. "Inayofuata! Miezi mitatu, mzee! Hata 'vizuri' hakusema!"

"Ulimwomba barua?"

"Wiki jana."

"Akasemaje?"

"Akasema 'Naam.' Halafu akauliza kama dirisha langu linafunga vizuri, kuna baridi."

"Na ukiiona barua na ukaona haifai?"

"Sitaiona. Nimetia saini kwamba sitaomba kuiona. Usipotia saini, vyuo haviiamini."

Nikamwambia mtindo huo ni wa kipumbavu. Akasema ndiyo, lakini ni wa wote.

Jumatatu ya mwisho ya Novemba nikaitwa ofisini kwa Tidwell. Nilifikiri ni chuma. Kumbe ni kompyuta. Alikuwa ameketi mbele yake kwa namna mtu anavyoketi mbele ya farasi aliyeumwa.

"Bwana Hask, wewe unajua mashine."

"Najua za mvuke, profesa."

"Inatosha. Nimeandika barua ya Bi Prusa. Inakataa kuondoka mpaka nijaze visanduku."

Nikavuta kiti. Mimi nilichoona kwanza si visanduku, ni barua yenyewe, kwa sababu ilikuwa fupi kiasi kwamba jicho liliimaliza kabla sijaamua kutoisoma. Nayo ilisema hivi: Bi Prusa ametoka darasani kwangu mara kumi na tisa. Katika miaka arobaini nimepata wanne wa namna hiyo. Mchukueni.

Chini yake, jina lake.

"Profesa," nikasema, "iliyobaki iko wapi?"

"Iliyobaki ya nini?"

"Ya barua."

"Hiyo ndiyo barua. Sijawahi kumwandikia mtu barua nzuri kama hiyo." Na alimaanisha. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa furaha. "Mwalimu wangu aliniandikia ya sentensi mbili."

"Mtu akisoma hapa ataona binti mtoro. Mara kumi na tisa!"

"Anayejua atajua."

"Wanaojua ni wangapi?"

Akafikiri kwa dhati. "Zamani tulikuwa wengi."

"Na wako wapi?"

"Wengi makaburini."

"Basi ungewaandikia walio hai! Andika kwamba alisimama ubaoni akathibitisha. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Andika zile dakika tisa."

Akanitazama kama nimemwomba aandike kwamba binti ana pua. "Kuthibitisha ndiyo kazi ya mwanafunzi, bwana Hask. Nimsifu kwa kupumua? Ruhl anathibitisha kila wiki. Ruhl ana akili nyingi, na hajawahi kutaka kitu kiasi cha kukikalia sakafuni." Akagonga kioo kwa kidole. "Jambo linalonisumbua ni moja tu, kwamba anakwenda kwenye takwimu. Takwimu ni kilimo chenye kalamu. Lakini ni maisha yake. Sasa, visanduku."

Visanduku viliuliza: ukimlinganisha na wanafunzi wengine, mwombaji yuko kwenye asilimia moja ya juu, tano, kumi, ishirini na tano, au huwezi kusema?

"Asilimia moja," nikasema haraka. "Bonyeza hapo."

"Asilimia moja ya nini?"

"Ya wanafunzi wako."

"Darasa lina watu tisa. Asilimia moja ya watu tisa ni sikio la mtu mmoja."

"Profesa, kila mtu anabonyeza hapo! Hata wa mwisho darasani wanabonyezewa hapo!"

"Kama kila mtu yuko kwenye asilimia moja ya juu, basi swali halina maana, na swali lisilo na maana halijibiwi." Akabonyeza: huwezi kusema. Ubora wa akili: huwezi kusema. Uwezo wa kufanya utafiti: huwezi kusema. Uwezo wa kushirikiana na wenzake: hapo alifikiri kidogo, akacheka, akabonyeza huwezi kusema.

"Unamzika," nikamwambia. Sikuficha.

"Nasema kweli."

"Unaweza kusema kweli na bado ukamzika."

Hakukasirika. Ndicho kilichonichosha zaidi. Kwa chuo cha kwanza alibonyeza, barua ikaondoka. Ndipo akafungua cha pili. Nilifikiria kushuka chini kuzima umeme wa ghorofa nzima. Ufunguo ulikuwa kiunoni. Lakini ningezima mpaka lini? Niliketi pale nikamtazama akimzika mara saba, kwa kidole kimoja, kwa upendo.

Nikashuka hadi ya pili. Daktari Engebretsen alikuwa anakula sandwichi juu ya karatasi za mtihani.

"Nina jambo ambalo sipaswi kulijua," nikasema, "na wewe hupaswi kulisikia."

"Basi usiseme."

"Ni barua ya Tidwell."

Akaweka sandwichi chini. "Funga mlango."

Nilimwambia yote, sentensi zote tatu na visanduku vyote. Alifumba macho. Nilipofika kwenye sikio la mtu mmoja akatoa sauti ambayo sijui kama ilikuwa kicheko.

"Kwake hizo ni sifa kubwa?" akauliza.

"Daktari, alikuwa anang'aa kama bwana harusi."

"Na atakayesoma ni mtu mwenye faili mia tatu na dakika nne kwa kila faili." Akavuta kompyuta yake. "Zangu tano nimeshatuma wiki jana. Hazirudi. Zimebaki mbili za tarehe kumi na tano."

"Basi hizo mbili zieleze. Sema desturi ya darasa lile. Sema nini maana ya kutoka."

"Nikieleza, nitakuwa nimeonyesha kwamba nimeiona barua ya mwingine."

"Usiitaje barua. Taja darasa."

Alinitazama. "Elroy, shule ulisomea wapi?"

"Kila mahali kidogo."

Akageukia kioo akaanza kuandika. Aliandika aya nzima, nzuri, yenye korido na ubao na dakika tisa, akanisomea. Nilitoka pale nikiwa na moyo mwepesi kidogo. Mbili kati ya saba. Si haba.

Majibu yalianza Februari, kwa baruapepe, kila moja ikisema yale yale: tumepokea maombi mengi bora kuliko nafasi tulizo nazo. Janelle alikuwa akiniambia kwenye ngazi, kwa sauti ya mtu anayetangaza hali ya hewa. Kimoja. Viwili. Cha tatu kikamweka kwenye orodha ya kungojea, na kwenye orodha hiyo akaachwa. Kisha wiki ya kwanza ya Machi vikakataa vile viwili vya Engebretsen, kimoja asubuhi kimoja alasiri. Vile nilivyoviokoa mimi. Nilikwenda chumba cha boila nikakaa huko hadi nikaitwa kwa simu.

Cha sita kikakataa. Cha saba, cha mwisho kwenye orodha yake, chuo kikubwa cha kusini ambacho Engebretsen alikuwa amemlazimisha kukiongeza, kikasema njoo. Hicho kilikuwa katika vile vitano vya tarehe mosi. Kilikuwa kimesoma zile sentensi tatu na vile visanduku, tupu, bila maelezo ya mtu.

Nikashindwa kubaki na siri hiyo. Nilimwambia Janelle pale pale koridoni: nilimwona Tidwell akituma, nikaiona barua, nikaenda nikamwambia Engebretsen, Engebretsen akaandika aya kwa vyuo viwili, na hivyo viwili vimekukataa.

Uso ulimbadilika. "Ulimwambia kilichomo kwenye barua yangu?"

"Ndiyo."

"Bila kuniuliza."

"Wewe ulikuwa umetia saini kutojua. Mimi sikutia saini popote."

Alikwenda hadi dirishani akarudi. Nilidhani atanitukana, na ningestahili. "Na sasa unataka nikwambie kwamba uliniharibia," akasema, "au kwamba hukuniharibia. Siwezi, mzee. Viwili na vitano. Hakuna kinachotoka kwenye namba hizo. Ungenipa vyuo mia mbili ningekujibu."

"Basi kasirika tu bila hesabu."

"Nimekasirika. Sana." Akavuta pumzi. "Ungeniuliza ningekukatalia. Ujue hivyo."

"Najua. Ndiyo sababu sikuuliza. Unataka nikwambie aliandika nini?"

"Thubutu!" Akaninyoshea kidole. "Usithubutu. Hao wa kusini wanataka jibu kabla ya tarehe kumi na tano Aprili. Nimewajibu leo asubuhi. Naenda."

Hakunisemesha kwa wiki moja. Kisha akanisemesha.

Tidwell sikuwa na sababu ya kumwambia, lakini chuma chake kilianza kuvuja siku ile ile, na mtu ukiwa umepiga magoti mbele ya mtu huwezi kukaa kimya milele. Nikamwambia: saba waliombwa, mmoja kamchukua, sita wamemkataa.

Aliweka kalamu chini. Nilimwona kwa mara ya kwanza ameshtuka kweli. "Sita?"

"Sita, profesa."

"Nimewaandikia 'mchukueni' wazi wazi, na sita hawakumchukua?"

"Nilikwambia Novemba. Nilikaa kwenye kiti kile kile nikakwambia."

Akageuka dirishani, mikono nyuma. Nami nikamngoja, spana mkononi, maji yakidondoka kwenye kopo, nikisema moyoni kwamba hatimaye, baada ya miaka arobaini, kuna mtu amejifunza jambo katika jengo hili.

"Ilikuwa ndefu mno," akasema. "Ile sentensi ya katikati ndiyo iliyowachanganya. Mwakani nitaitoa."